Kituo cha Wati 250

Tangazo la kwanza la msiba nililolisoma hewani lilikuwa na majina 17. Aliyelileta ni mzee mmoja aliyefika na baiskeli alfajiri, kabla hata mlinzi hajafungua geti. Aliegemea kile kibao cha dirisha la matangazo, akatoa mfukoni karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye vimraba, iliyoandikwa kwa penseli pande zote mbili. Mke wake alikuwa amefariki usiku ule. Nikamwamkia, nikampa pole, kisha nikaanza kuhesabu, maana ndivyo nilivyofundishwa wiki yangu ya kwanza kazini: hesabu majina kwanza.

Utaratibu wa kituo ulikuwa tangazo moja la msiba, majina matano. Yakizidi, linahesabiwa tangazo la pili, nalo linalipiwa. Mzee alikuwa na fedha ya tangazo moja tu. Nikamwomba achague watano. Akaichukua karatasi, akaisoma kimya kimya huku midomo ikicheza, akaigeuza upande wa pili, akasoma tena. Kisha akanirudishia bila kufuta hata jina moja.

"Mwanangu," akasema, "hawa wote ni wa kwake. Nikimwacha mmoja, huyo huyo ndiye atakayekuja kuniuliza."

Saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, nilisoma karatasi yote. Habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko machimboni, shangazi wa ng'ambo ya mto, binti aliyeolewa kule juu mlimani, mwalimu fulani wa shule fulani, mpaka jina la 17, popote pale walipo. Mwisho wa mwezi ile bei ya tangazo la pili ilikatwa kwenye posho yangu. Meneja hakunigombeza. Alinikalisha akanieleza kwa upole kwamba hii ni redio ya biashara: umeme unalipiwa, leseni inalipiwa, dizeli ya jenereta inalipiwa. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na bado yalinikaa kooni.

Kituo chetu kilikuwa mmoja wa watoto wengi wa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, ile iliyowaruhusu watu binafsi kumiliki redio na televisheni Tanzania. Kabla ya hapo, kwa sisi wa Bara, redio ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam basi. Mwaka 1994 ikaingia Radio One, na baada yake miji ya mikoani nayo ikaanza kusimamisha minara, mmoja baada ya mwingine, juu ya kilima kilichopo karibu. Wa kwetu ulikuwa nyuma ya matangi ya maji. Masafa ya FM husafiri kama macho yanavyoona, kwa hiyo penye kilima katikati, mawimbi yanaishia hapo hapo. Kulikuwa na vijiji viwili nyuma ya mlima ambavyo havikutusikia kamwe, na vingine vya mbali zaidi kwenye tambarare vilivyotusikia kama tumekaa nao barazani.

Aliyenifundisha hayo ni fundi mitambo wetu, mzee aliyekuwa amepitia redio ya serikali kabla ya kustaafu. Usiku baada ya saa tano, tangazo la mwisho la biashara likishapita, alikuwa na ruhusa ya kuweka muziki wake mpaka tufunge. Kila mara angeanza na B.B. King, mpiga gitaa wa blues, ule muziki wa Weusi wa Marekani. Alikuwa na kaseti zilizochakaa mpaka maandishi yamefutika, na alipenda kusimulia jinsi King alivyopiga gitaa Kinshasa Septemba 1974, kwenye lile tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Usiku mmoja akaniuliza: "Hivi unajua B.B. siyo jina alilopewa na mama yake? Hilo ni jina la redioni. Kakituo kadogo, ka biashara kama haka ketu."

Ndivyo nilivyoijua WDIA, redio ya Memphis, Marekani. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata juu yake, na kila ninaposikia mtu akisema redio za biashara hazina mwenyewe zaidi ya mwenye fedha, akili yangu inakwenda huko.

WDIA iliingia hewani Juni 7, 1947, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee. Wenyewe walikuwa Wazungu wawili, John Pepper na Bert Ferguson. Mtambo wao ulikuwa na nguvu ya wati 250. Pasi ya umeme unayonyooshea shati nyumbani inakula mara nne ya hizo. Tena walikuwa na kibali cha kutangaza mchana tu. Jua likizama, wanazima. Msomaji aliyekulia kijijini na redio ya mkulima atalielewa hili upesi. Usiku mawimbi ya kati hupaa, yakagonga tabaka la juu angani na kurudi chini mbali sana, ndiyo maana sisi tukiwa watoto tulikuwa tukizungusha kitufe saa tatu usiku tunawapata Burundi na Kenya, na watu wengine tusiojua hata lugha yao. Kwa ajili hiyo Marekani iliwataka wadogo wanyamaze usiku ili wasiwakoroge wakubwa.

Kwa hiyo hebu fikiria biashara yenyewe: mtambo dhaifu, nusu ya siku kimya, na mji tayari una vituo vikubwa vyenye muziki ule ule. WDIA ilipiga muziki wa mashambani wa Kizungu, ikapiga nyimbo laini za mtindo wa wakati huo, ikajaribu hata muziki wa klasiki. Wadhamini hawakuja. Baada ya mwaka mmoja na ushee kituo kilikuwa kinakufa.

Sasa, takriban watu wanne kati ya kila 10 wa Memphis walikuwa Weusi. Walikuwa na kazi, wanalipwa, wananunua unga, sabuni, viatu na dawa. Walikuwa na redio majumbani. Na hapakuwa na kituo hata kimoja katika nchi ile nzima kilichokuwa kimepanga vipindi vyake vyote kwa ajili yao. Waliokuwepo ni watangazaji Weusi mmoja mmoja, wengi wao katika miji ya Kaskazini, mwenye saa yake moja hapa au nusu saa pale. Kusini, ambako sheria iliwatenga Weusi shuleni, kwenye mabasi na hata kwenye bomba la maji ya kunywa, ambako Mzungu hakukubali kumwita mzee mweusi "Bwana" wala mama mtu mzima "Bibi", suala la kumkalisha mtu mweusi mbele ya kipaza sauti lilikuwa la kuogopesha.

Ferguson alilifanya kwa sababu alikuwa anafilisika. Sitaki kumpamba. Hakuamka asubuhi akiwa na uchungu wa haki za watu. Aliamka na madeni. Lakini mtu aliyemchagua ndiye aliyeipa hadithi hii uzito wake.

Nat D. Williams alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya Booker T. Washington, shule ya Weusi pale Memphis. Alikuwa mwandishi wa safu magazetini, na usiku alikuwa mshereheshaji wa mashindano ya vipaji kwenye ukumbi wa Palace, Mtaa wa Beale. Alivaa miwani yenye vioo vinene kama chini ya chupa. Mji mzima wa Weusi ulimjua, maana kama hakukufundisha wewe, alimfundisha mdogo wako. Oktoba 25, 1948, saa 10 jioni, baada ya kutoka darasani, aliketi studio kuanza kipindi alichokiita Tan Town Jubilee. Taa ikawaka, na yote aliyokuwa ameyapanga kusema yakamtoka kichwani. Akaangua kicheko, kile kicheko chake kikubwa cha kutoka tumboni. Watu studio nao wakacheka, kipindi kikaanza. Kuanzia siku ile hakuwahi kufungua kipindi bila kucheka kwanza.

Nimewahi kusahau jina la mgeni rasmi nikiwa hewani, kwa hiyo kila nikifika hapo kwenye simulizi hii tumbo linaniuma kidogo. Kile kimya cha sekunde tatu redioni ni kirefu kuliko foleni ya hospitali. Mwalimu yule alikijaza kwa kicheko mbele ya mji ambao nusu yake ilikuwa inasubiri ashindwe.

Simu za matusi na vitisho zilipigwa. Lakini zilipungua, na barua za wasikilizaji zikaongezeka. Ndani ya mwaka mmoja WDIA ilikuwa imeviondoa vipindi vya zamani kimoja kimoja mpaka ratiba yote ikawa ya watangazaji Weusi na wasikilizaji Weusi, ya kwanza ya namna hiyo Marekani. Kituo kilichokuwa mkiani kikaongoza mji.

Na hapo ndipo anapoingia kijana wa mashambani wa Mississippi aliyeitwa Riley King. Alikuwa dereva wa trekta. Alifika Memphis na gitaa, akaenda kwa miguu mpaka studio za Union Avenue kuomba nafasi. Wakampa dakika 10 kwa siku, bila mshahara, kwa sharti moja: aimbe kibwagizo cha Peptikon, dawa ya chupa ambayo kituo kilikuwa kinaitangaza. Yaani mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa karne iliyopita alianza kama mwimba matangazo ya dawa. Ujira wake ulikuwa kibali cha kutaja mahali atakapopiga jioni ile, na hilo lilimletea watu. Baadaye wakamfanya mtangazaji kamili, wakamwita Beale Street Blues Boy, yaani Kijana wa Blues wa Mtaa wa Beale, jina likafupishwa, likafupishwa tena, mpaka zikabaki herufi mbili. Fundi wetu alipenda sana kipande hiki. Alikuwa akiniambia nisidharau tangazo la dawa ya minyoo ninalolisoma kila asubuhi, maana sijui nani anayenisikiliza.

Wengine walikuwa na maisha magumu kuliko walivyosikika. Rufus Thomas, mtangazaji na mwanamuziki ambaye sauti yake ilikuwa kama sherehe inayotembea, aliendelea na kazi ya kiwanda cha nguo kwa miaka yote ile. Alikuwa akitoka zamu ya kiwandani, anakuja studio, anaingia hewani. Kwa hapa kwetu hilo si jambo la kusimuliwa kama ajabu. Nimefanya kazi na mtangazaji wa kipindi cha asubuhi aliyekuwa akifika na mikono inayonuka samaki kwa sababu alfajiri yake ilianzia sokoni.

Lipo jambo ambalo siwezi kulipita. Miaka ile ya mwanzo, Mweusi alikaa mbele ya kipaza sauti, na upande wa pili wa kioo, kwenye meza ya mitambo, alikaa Mzungu. Aliyeweka santuri na kufungua sauti na kuifunga alikuwa Mzungu. Meneja Mzungu, muuza matangazo Mzungu, faida ya Wazungu. Ilichukua mpaka mwaka 1972 kituo kupata meneja mkuu mweusi, Chuck Scruggs, miaka 24 baada ya Nat D. kucheka kile kicheko. Watu wanaosimulia WDIA kama hadithi ya uungwana wa Ferguson huwa wanaliruka hili. Mimi naona lazima liwekwe mezani pamoja na mengine, kwa sababu lilikuwepo kila siku, nyuma ya kioo, ambapo kila mtangazaji aliliona akiinua macho.

Hata hivyo watangazaji wale walifanya na kipaza sauti mambo ambayo mwenye mali hakuyapanga. Mwalimu Williams hakuacha ualimu, aliongeza darasa. Mwaka 1949 alianzisha kipindi cha mjadala, Brown America Speaks, ambamo watu Weusi walikaa na kuzungumza hewani kuhusu hali yao katika mji ambao magazeti yake ya Wazungu hayakuwaandika sana isipokuwa wamekamatwa na polisi. Na ndani ya ratiba nzima, kati ya wimbo na wimbo, yakaanza yale waliyoyaita matangazo ya hisani.

Hapa ndipo ninapopunguza mwendo kila mara, kwa sababu ndipo nilipokutana na mzee wangu wa baiskeli. Matangazo ya hisani yalikuwa hivi: mtu amepoteza kitu, anaandika au anapiga simu, WDIA inatangaza. Mtoto hajaonekana tangu jana. Mnyama amekata kamba. Kanisa fulani lina mkutano. Mtu ametoka kijijini anamtafuta ndugu yake aliyehamia mjini na hana anwani. Kuna waliopoteza hata meno ya bandia wakatangaziwa. Matangazo hayo hayakulipiwa. Kituo kilikuwa cha biashara kuanzia kwenye msingi mpaka kwenye bati, chenye dawa ya chupa na unga na sigara, na bado hakikumtoza mtu aliyepotelewa na mtoto.

Mwaka 1954 WDIA ilipata kibali kipya: wati 50,000 badala ya 250, masafa mapya ya kilohezi 1070, na ruhusa ya kutangaza usiku. Sauti ya mwalimu wa historia wa Memphis ikateremka na mto Mississippi hadi kwenye mashamba ya pamba na zaidi, kuelekea pwani ya Ghuba ya Mexico. Kituo chenyewe kilijinadi kwa watangazaji biashara kwamba kinawafikia karibu asilimia 10 ya Weusi wote wa Marekani. Hilo ni neno la muuzaji, lakini muuzaji hakuwa mbali na ukweli. Tangazo la ndugu aliyepotea sasa lilivuka majimbo.

Fedha nazo walizikusanya kwa namna yao. Kila mwaka walifanya tamasha kubwa, Goodwill Revue, wanamuziki wa injili sehemu moja na wa blues sehemu nyingine, na mapato yakaenda kwenye mfuko wa hisani. Mfuko huo ulilipia usafiri wa kuwapeleka shule watoto Weusi wenye ulemavu, ambao mji haukuwa na basi kwa ajili yao. Ukalipia timu za mpira za watoto. Desemba 1956 mwimbaji Mzungu maarufu, Elvis Presley, ambaye alikuwa amekua akiisikiliza WDIA, alihudhuria tamasha hilo nyuma ya jukwaa, na mara tu alipojitokeza mbele ya watu ukumbi ukachafuka kwa kelele. Wanahistoria wengi husimama hapo. Mimi navutiwa zaidi na lile basi la watoto.

Mwaka 1957 Pepper na Ferguson waliuza kituo kwa kampuni ya Egmont Sonderling. Tangu hapo kimepita mikononi mwa wengi, na leo kiko chini ya iHeartMedia, kampuni yenye mamia ya vituo nchi nzima. Bado kipo kwenye 1070. Hoteli ya Lorraine pale Memphis, alikouawa Martin Luther King Aprili 4, 1968, ilipokuwa inapigwa mnada mwaka 1982, WDIA ilikuwa miongoni mwa waliochangisha ili isipotee; sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia. Nat D. Williams alifariki mwaka uliofuata, 1983.

Meneja wangu hakuwa mtu mbaya, na sijaandika haya ili kumshitaki. Najua hesabu za kituo kidogo. Najua mwezi ambao mdhamini mkubwa amejitoa na watangazaji wanalipwa kwa magunia ya saruji ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu mwenye duka hana fedha taslimu na anataka tangazo lake liendelee. Nililipwa saruji mara mbili. Ninachokataa ni ile imani kwamba hesabu ile ilitulazimisha kuhesabu majina ya wafiwa. Ferguson alikuwa na madeni makubwa kuliko yetu na wati 250, na watu wake wakagundua kwamba anayetangaziwa msiba bure leo ndiye atakayenunua unga unaotangazwa kesho, kwa sababu ameiamini sauti ile. Walifika hapo kwa njia ya biashara kabisa. Sisi tulikuwa na dirisha, foleni kila asubuhi, na watu waliotuletea majina ya koo zao kwa mwandiko wao wenyewe, tukawaambia wachague matano.

Wiki mbili baada ya mazishi, yule mzee alirudi. Alileta kuku. Akaniambia waliofika ni 14 kati ya wale 17. Mmoja, kaka wa marehemu wa machimboni, hakuwa amesikia redio. Aliyesikia ni mama ntilie wa machimboni, akaacha vyungu jikoni, akapanda bodaboda kwenda kumtafuta shimoni. Mzee alitaka nimsomee huyo mama shukrani hewani. Hakujua jina lake. Nikasoma hivyo hivyo: salamu za shukrani kwa mama wa chakula wa machimboni.

Kituo kile kimeuzwa tangu nilipoondoka. Sehemu kubwa ya siku muziki unatoka kwenye kompyuta, na taarifa ya habari wanaunganishwa na Dar es Salaam. Fundi wetu amefariki. Tangazo la msiba wake nililipata kwenye kundi la WhatsApp, picha ya karatasi iliyopigwa vibaya, majina ya chini hayasomeki. Nilipita pale mwaka jana. Dirisha la matangazo limejengewa tofali, limepigwa lipu na rangi ya kampuni. Kibao hawakukiondoa. Kipo bado, kimetokeza ukutani kama sentimita 20, kimelainika pale katikati ambapo watu walikuwa wakiegemeza kiwiko wanapoandika.